Uvimbe Ulioandikwa Rovu

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa na maduka ya Sumbawanga yalipoanza kujaa bidhaa kutoka Tunduma, nilikuwa karani wa kumbukumbu hospitalini. Kazi yangu ilikuwa kuandika kila mgonjwa na ugonjwa wake kwenye daftari kubwa.

Mama mkubwa, dada wa mama yangu, ndiye aliyenilea. Alikuwa akilima mahindi na ulezi kijijini, njia ya kwenda Matai. Tangu nikiwa mdogo alikuwa na uvimbe shingoni, na hakuna aliyeshangaa, maana wanawake wengi wa kwetu walikuwa na rovu. Alipoanza kulalamika kwamba ugali unamkwama kooni, zahanati walimwambia atumie chumvi mpya ya pakiti, ile yenye madini joto. Akaitumia mwaka mzima. Sauti ikazidi kukauka, nami niliyeshinda hospitalini kila siku nikamrudia maneno yale yale ya chumvi. Hilo linaniudhi mpaka leo.

Nilipomleta hatimaye, daktari wa upasuaji alimkata kinyama kidogo, kikapelekwa Dar es Salaam kupimwa. Majibu ya kwanza yalipotelea njiani. Ya pili yalikuja na jina la mtu mwingine. Ya tatu yalisema ni saratani ya tezi ya shingo, tena ya aina ambayo daktari mwenyewe alikuwa ameisoma darasani tu.

Akaniomba nimtafutie ni wagonjwa wangapi wa namna hiyo tuliowahi kuwapata, na kama wanaongezeka. Nilifunua madaftari siku tatu. Kila ukurasa rovu, rovu, rovu, nusu yake kwa mwandiko wangu. Nani alipona na nani alifia kwao, hakuna aliyeandika. Nilirudi mikono mitupu.

Nikamuuliza daktari mama mkubwa ataishi muda gani. Akasema kwamba kwa mujibu wa vitabu, watu wa umri ule wengi hawamalizi mwaka, ila waliohesabiwa vitabuni ni wachache na ni wa nchi za mbali. Kosa langu ni kumweleza mjomba, mdogo wa mama mkubwa. Hazikupita siku nyingi, ukoo mzima ukawa na habari. Watu walikuja kumwona mgonjwa, na mbele yake wakaniuliza imebaki miezi sita au minane. Binamu yangu mmoja alikuwa ameshaanza kupima kwa hatua bustani ya mama mkubwa ya bondeni.

Mama mkubwa alivumilia. Walipoondoka, akaniuliza kwa sauti yake iliyokwaruza:

“Huo mwaka wangu, wamepewa na nani?”

“Daktari alisema wengi, Mama. Hakukusema wewe.”

“Basi kawaambie hivyo hivyo. Na huyo anayepima bustani, mpe jembe alime.”

Tangu hapo nikaanza kuandika kirefu: uvimbe una muda gani, sauti ikoje, kinyama kimepimwa au la, majibu yamesemaje. Waliorudi kijijini niliwaulizia kwa barua zilizopitia parokiani. Ripoti ya hospitali iliyofuata ikaonyesha saratani ya shingo imepanda. Wakaja maofisa wa afya kutuuliza watu wa Ufipa siku hizi wanakula nini. Niliwaeleza mara tatu kwamba kilichoongezeka ninachokijua mimi ni kuandika. Kama ugonjwa nao umeongezeka, hakuna awezaye kusema. Waliitikia kwa vichwa, kwa adabu, wakaandika kwamba chumvi ichunguzwe.

Baada ya majibu yale, mama mkubwa alivuna ulezi wake mara mbili. Mara ya pili alikaa kwenye kigoda pembeni mwa shamba, ananong’ona, na jirani yake anawarudia wavunaji maneno yake kwa sauti kubwa. Alifariki mvua za kwanza zilipoanza, mchana, nyumbani kwake.

Msibani mjomba alinivuta kando, akaniambia kwa hakika kabisa kwamba yule daktari wetu alikosea hesabu. Nikachukua ungo, nikaenda kukaa na wanawake waliokuwa wakipepeta ulezi wa uji.