Marehemu Virgílio wa Malori

Latifa alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na kazi yake ilikuwa kushona nguo pale Palma, kwenye baraza la shangazi yake Nazira. Vyerehani vilikuwa viwili. Shangazi alishona magauni ya harusi. Latifa alipewa mashati ya shule na mapindo ya vitambaa vya kapulana vya kujifunga kiunoni, kazi ambazo mkono huzifanya wenyewe huku kichwa kikienda kwingine.

Kichwa chake kilikwenda kwenye vichekesho. Aliegemeza simu kwenye bakuli la vifungo, akarekodi vidole vyake vikipitisha kitambaa chini ya sindano, na juu ya mlio wa cherehani akaweka sauti ya bibi mmoja aliyemtunga, mgeni ambaye kila nyumba anapita tu. "Sikai, mwanangu, napita tu. Mchele huo wa wapi? Mimi sili, nionje kidogo. Hicho kichwa cha samaki nitolee. Usikipeleke mbali."

Uso wake hakuuonyesha. Alisema ni kwa sababu ya heshima, lakini sababu yenyewe ilikuwa woga. Video ikishatoka, asubuhi aliisikiliza akacheka, adhuhuri akaisikiliza akanyamaza, na ikifika alasiri alikuwa na hakika kwamba watu wote wanamcheka yeye, siyo yule bibi.

Watu, kwa kweli, walicheka na bibi. Walicheka wa Palma na wa Mocímboa, wakacheka na waliokimbilia Pemba wakati wa vita ambao hawajarudi. Kila mmoja aliandika kwamba anamjua bibi huyo, ni jirani yake. Lakini siku moja, katikati ya vicheko hivyo, mtu aitwaye Jamaldine aliandika: "Sauti nzuri. Ila kuchekesha bado."

Maneno hayo yalimwingia Latifa kama mwiba wa samaki. Vile vicheko vyote hakuvikumbuka tena. Siku hiyo alishona mkono wa shati ndani nje, akaufumua, akaushona vilevile.

"Una nini?" akauliza shangazi.

"Sina kitu."

Alikuwa nacho. Kesho yake, akinywa chai, alifungua akaunti nyingine ili ajitetee bila kuonekana kwamba anajitetea. Alitafuta jina ambalo hakuna mtu Palma angeuliza ni mwana wa nani, maana angejiita Rajabo au Abibo, kabla ya jioni angeshapewa baba na mtaa. Akajiita Virgílio, dereva wa malori, mtu wa kuja. Picha akaweka ya tingatinga aliyoipiga barabarani, maana ya lori hakuwa nayo. Kiswahili chake akakipinda kwa makusudi, kama cha mtu aliyejifunzia njiani.

"Amigo," Virgílio akamwandikia Jamaldine, akimwita rafiki kwa Kireno, "wewe hujacheka sababu barua ya kukuruhusu haijatoka ofisini."

Kumbe Jamaldine alikuwa kweli karani wa shule, kule Mbau, na waliomfahamu waliangua vicheko. Maneno ya Virgílio yalipendwa kuliko video yenyewe. Latifa alifurahi, kisha akaona kijiba cha moyo. Yeye alihangaika siku nzima na kichekesho kimoja. Huyu mwanamume ambaye hayupo alivitoa bila jasho.

Hata hivyo alimwachia. Kila video ilipotoka, Jamaldine alikosoa, Virgílio akamjibu, na watu wakaanza kuja kwa ajili ya hao wawili. Shangazi Nazira alikuwa akisoma majibu hayo kwa sauti huku akifuta machozi. "Huyu wa malori ana balaa," alisema. "Ungempata mume wa namna hii, nyumba isingekuwa na huzuni."

Latifa akainamia sindano.

Baadaye Jamaldine alimwandikia Virgílio pembeni, wasikoonekana na watu, na huko hakuwa mkali hata kidogo. Alisema anamwonea wivu yule dada wa cherehani. Yeye mwenyewe tangu utotoni hutaka kuchekesha. Akasimulia harusi ya dada yake: alishika kipaza sauti, akasema kichekesho alichokifanyia mazoezi mwezi mzima, na watu wakamtazama tu, mpaka mtu wa jenereta akamhurumia akafungulia muziki. Virgílio alimjibu kwa upole. Alimwambia kwamba hata wanaochekesha hulala na hofu. Latifa alishangaa alipoyasoma tena maneno yale, kwa sababu yeye kwa jina lake hajawahi kumwambia mtu jambo hilo.

Ndipo Jamaldine akaandika: "Kaka, wiki ijayo natumwa Palma kupeleka karatasi za shule. Tuonane tunywe chai."

Latifa aliifuta akaunti palepale. Alidhani yameisha. Lakini kwenye video iliyofuata mtu aliuliza Virgílio yuko wapi. Mbele yake alisimama mteja anayegombana juu ya urefu wa sketi. Latifa akajibu haraka haraka, jicho moja kwenye futi: "Virgílio hatunaye tena."

Alimaanisha kwamba hayupo tena mtandaoni. Aliporudi kwenye simu alikuta "Inna lillahi" zimepangana, na pole, na misalaba ya Wakristo. Mmoja alisema alisoma naye Montepuez, na kwamba tangu darasani alikuwa hivyohivyo. Mwingine aliwahi kupewa lifti. Mama mmoja aliandika kwamba mama yake Virgílio ni mwanamke mpole sana na haijulikani atazipokeaje habari hizo. Alikufaje, hakuna aliyeuliza. Watu wa huku siku hizi hawaulizi sana jambo hilo.

Jamaldine aliandika neno moja: "Lini?"

Angeweza kusahihisha kwa sentensi moja. Alitazama tu, kama mtu aliyeangusha sahani na bado hajasikia ikivunjika. Aliyemwinua kitini ni shangazi, aliyekuwa ameacha kushona na kujifunika ushungi hadi machoni.

"Shangazi, usilie. Virgílio ni mimi."

"Usimtanie maiti, Latifa."

Latifa akamwonyesha picha ya tingatinga, iliyokuwa bado kwenye simu, na picha nyingine mbili alizopiga siku ile ile, zilizotoka na ukungu. Shangazi alizitazama moja moja.

"Kwa hiyo mimi nimemlilia nani?"

"Sijui, shangazi."

"Wewe usijue, nani ajue!" Akajipangusa kwa ncha ya kapulana. "Waambie watu. Leo."

Akawaambia. Kwa mara ya kwanza aliuonyesha uso wake, akaeleza yote tangu mwanzo. Hakuna aliyemwamini. Walisema anatafuta jina kwa mgongo wa marehemu. Aliyesoma naye Montepuez ndiye aliyekasirika kuliko wote. "Mwacheni mwenzetu apumzike," aliandika, na wengi wakamuunga mkono. Wengine, wakiona uso wake, walisema kumbe ni mdogo hivyo. Walidhani ni mtu mzima.

Jamaldine peke yake alimpigia, kupitia mtandao huohuo.

"Harusi ya dada yangu," alisema bila salamu. "Niambie ilikuwaje."

"Mtu wa jenereta alikuhurumia."

"Basi ni wewe," alisema. "Nilimuuliza shehe kama inafaa kumwombea mtu wa dini nyingine. Akasema ngoja afungue kitabu. Mimi nikaomba kabla hajarudi."

"Nisamehe, kaka Jamaldine."

"Usiniite kaka. Virgílio ndiye aliyekuwa akiniita amigo, wewe sikujui." Akakata.

Zile karatasi za shule alizileta mtu mwingine. Latifa aliendelea na mashati, na baada ya muda akaendelea na bibi wa kupita tu, kwa kuwa watu walimdai. Uso hakuurudisha mafichoni, umeshaonekana. Siku za kujiona hafai ziliendelea kuja, hasa alasiri, naye alizoea kushona nazo.

Kisha Ramadhani ilipokwisha, Jamaldine alimtumia sauti iliyorekodiwa. Ilikuwa kichekesho chake cha harusini, juu ya mwalimu aliyeita majina darasani, akajisahau, akajiandika mwenyewe kwamba hayupo. Latifa alisikiliza hadi mwisho. Hakikuchekesha.

Akampigia. "Umekimaliza kabla hujakianza," alimwambia. "Mwalimu usimtaje mapema. Anza na wanafunzi waliosimama kumsubiri, yeye akiwa miongoni mwao."

Jamaldine akarudia. Latifa akamsimamisha, akamwonyesha pa kupunguza. Akarudia tena, polepole, na safari hii Latifa alicheka kidogo, puani, naye Jamaldine akasikia, akasahau sentensi iliyofuata.