Mkono Niliosema Nimeushika

Ile Jumanne ningali naiona, mwanangu, ingawa mambo ya juzi mengi yamenitoka kichwani. Nilikuwa nimesimama kwenye mashine yangu katika kiwanda cha mablanketi hapa Nakuru, msichana wa miaka ishirini na minne, kichwa kimejaa nyimbo, msimamizi akaja akanigusa bega. Mzee yule hakuwa mtu wa kugusa watu mabega. Akaizima mashine yeye mwenyewe, akaniambia, "Trufena, pole sana. Mjomba wako alipiga simu ofisini asubuhi. Watu wenu wanakwenda Bahati, kwa msiba wa mama yako. Wewe enda nyumbani."

Kabla sijakwambia nilichokikuta Bahati, acha niseme kwa nini nakuandikia. Juzi ulinitumia wimbo wako kwenye simu, Chebet, ukaniomba niusikilize kabla hujautoa Jumamosi. Nimeusikiliza mara tatu. Sauti unayo, gitaa limekaa mahali pake, na pale unapomuaga baba yako kaburini machozi yalinitoka, mimi niliyetunga nyimbo za kuliza watu miaka yote hii. Halafu nikashtuka mpaka nikatafuta kiti. Baba yako nilimwona wiki iliyopita sokoni Molo, akichagua mbegu za viazi na kugombana na muuzaji. Nilipokuuliza ukanijibu, kwa jina mnaloniita ninyi vijana ninaowafundisha kutunga, "Mum, hiyo ni story tu. Watu wanapenda kulia." Nikasema nitakuandikia, na sasa nakuandikia.

Kwamba watu wanapenda kulia nilijua kabla mama yako hajazaliwa. Ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Saa ya chakula pale kiwandani niliwaimbia wenzangu mistari niliyoandika usiku uliotangulia. Kama kuna mwanamke aliyeweka chini kikombe chake cha chai, mstari huo ulibaki. Kama wote waliendelea kunywa, niliufuta. Jumapili nilikwenda Kikopey kuimba na bendi ya Silas, watu wakila nyama na kututunza. Silas ndiye aliyenifundisha kwamba wimbo usiotaja mtu na kwao haupendwi. Sote tuliimba hivyo. Tulitaja marafiki, madereva, wenye maduka, na mahali walikotoka, na mtu akisikia jina lake alisimama akacheza hata kama mguu unamuuma.

Basi nilipotaka kutunga wimbo wa msiba, nilihitaji mama wa kutaja, na mama niliyekuwa naye ni mmoja. Nikaona si vibaya. Nikaona hata atafurahi kujulikana. Nikaandika hivi:

Rasoa wa Bahati, mama yangu mpendwa,
jiko lako limezima, nani atalikoka?
Nilikushika mkono mpaka pumzi ikakata,
kila mwezi nilikuja, leo nimwamkie nani?

Wanawake wanne waliweka vikombe chini. Mmoja alitoka nje kabisa, na mimi mjinga nikafurahi. Tukaurekodi, redio ikaupokea, na Silas akaniambia sasa nimekuwa mtunzi.

Unajua nilikuwa sijafika Bahati muda gani? Mwaka mmoja na nusu. Na Bahati si safari, unakwenda na kurudi siku hiyo hiyo na bado unapata nafasi ya kufua. Lakini Jumapili ilikuwa ya Kikopey, siku nyingine ni za kiwanda, na mama yuko tu, hataondoka. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijiambia.

Jumanne ile nilikwenda nyumbani nikilia njia nzima. Wimbo haukunijia akilini hata mara moja. Watu huniuliza iliwezekanaje. Nafikiri nilikuwa nimeuimba msiba ule mara nyingi kiasi kwamba nilipoambiwa umetokea, niliuona kama jambo ninalolijua. Nilipofika langoni nikaweka mikono kichwani na kujitupa chini kama wafanyavyo kwetu, nikamwita mama kwa jina, nikisubiri wenzangu wanipokee kilio.

Hakuna aliyenipokea. Nililia peke yangu. Nikainua uso, nikaona ua umejaa watu: akina mama wa kanisani na mizigo yao ya kuni, majirani, mjomba Yohana aliyetoka Lugari na jogoo kwapani. Wengi walikuwa wananitazama. Wengine walikuwa wametazama pembeni kwa aibu ambayo sikujua ni ya nani. Ndipo mtu akatokea upande wa zizi la ng'ombe, amebeba ndoo ya maziwa, amejifunga leso yake ya buluu.

"Trufe," akasema mama yangu, "unamlilia nani?"

Mwanangu, nimeona mengi maishani, lakini mshtuko kama ule sijapata tena. Nilitaka kukimbia, na sikujua kama nikimbilie kwake au nirudi barabarani. Mjomba ndiye aliyezungumza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka na safari.

"Sisi tulisikia kwa redio jana. Wamesoma matangazo ya vifo, wakamaliza, halafu wewe mwenyewe ukaanza kuimba. Jina lake, Bahati yake, kila kitu. Sasa nani angebisha? Asubuhi nikapiga simu kazini kwako, nikapanda basi, nimelia mpaka hapa. Nafika, dada yangu ananiuliza nimekuja na nini."

Watu kadhaa wakacheka kidogo, lakini mama hakucheka. Alivuta kigoda akakaa katikati ya ua, ndoo kati ya miguu.

"Basi niimbie," akasema. "Hao wote wamesikia. Mimi pia nataka kusikia vile nilikufa."

Nikaomba msamaha, akanitikisia kichwa. Alitaka wimbo. Nikauimba nimepiga magoti mbele ya watu wote, bila gitaa, sauti inakatika. Nilipofika kwenye ule mstari wa kumshika mkono, akasema, "Ngoja hapo." Akajifuta kwa leso, akaninyooshea mikono yote miwili. "Ni upi ulioushika?"

Mkono wa kushoto haukuwa na vidole viwili. Kidole cha mwisho na kile cha jirani yake havikuwapo, na ngozi ya mahali pale ilikuwa imeshafunga, laini, ya zamani. Si jeraha la jana. Mama yangu alikuwa amekamua ng'ombe, amelima, amefua na kuomba Mungu kwa mkono ule kwa miezi, na mimi sikuwa na habari. Majirani wote walijua. Hata mzee anayewauzia chumvi dukani alijua. Mtu mmoja tu hakujua, naye ndiye aliyeiambia nchi nzima kwamba aliushika.

"Ile mashine ya kukatia ng'ombe nyasi," akasema, kama anayeeleza habari za mvua. "Nilikutumia neno kwamba nimeumia mkono. Ukanitumia sukari."

Ni kweli. Nilituma sukari. Aliyeniletea habari alisema ameumia kidogo, nami nikalishika hilo neno kidogo kwa furaha, kwa sababu lilinipa ruhusa ya kwenda Kikopey. Pale chini nilitamani kweli kuwe na msiba, na uwe wangu mimi. Mama akasimama na kuchukua ndoo.

"Wimbo ni mzuri," akasema. "Ningekuwa nimekufa ningefurahi. Lakini niko, na jiko langu bado linawaka. Ingia upikie watu chai."

Nikaingia nikapika. Jogoo wa mjomba akachinjwa vilevile, maana hakuna aliyekuwa na nguvu za kumrudisha Lugari. Watu walikula wakaenda, na wengine kwa miezi walimpita mama sokoni wakimwangalia miguu kwanza, kuhakikisha inakanyaga chini, si mzimu.

Wimbo haukuweza kurudishwa. Ukishatoka umetoka. Hadi leo wanaupiga kwenye mazishi, na wanaoucheza hawajui kwamba mimi nikiusikia naona vidole. Nilichoweza kurudisha ni Jumapili zangu. Silas alikasirika sana, akasema naua jina langu, akamchukua msichana mwingine wa Kikopey. Mimi nikawa nakwenda Bahati. Mama akimenya maharagwe kwa vidole vyake vinane, mimi namwimbia nilichotunga wiki ile. Hakujua noti hata moja. Alijua uongo. Akisema, "Hapo Trufe umewadanganya," nilifuta, hata kama kiwanda kizima kingeweka vikombe chini. Nyimbo zangu zote unazozijua, zile mnazocheza harusini, zilipita jikoni mle.

Mama alikuja kufa kweli, mzee sana, asubuhi, kitandani kwake. Siku ya mazishi watu wa Bahati waliogopa kuniomba ule wimbo. Mjomba Yohana, anatembelea mkongojo, ndiye aliyesema, "Imba. Leo uko na ruhusa." Nikasimama nikiwa nimejiandaa kubadilisha maneno. Nikafika kwenye mkono, nikaona sina cha kubadilisha. Nilikuwa nimeushika, ule wa kushoto, mpaka pumzi ikakata. Kila mwezi nilikuja. Wimbo niliouandika kwa uongo nikiwa msichana ulikuwa umekuwa kweli mstari kwa mstari, na kazi ile ilinichukua miaka thelathini.

Sasa sikiliza, Chebet, nikwambie wazi. Sikukatazi kumwimba baba yako. Kabla ya Jumamosi nenda Molo. Usiende na simu ya kumpiga picha. Kaa naye, mle viazi, akuchoshe na habari za mbegu. Mtazame mikono, mtazame anavyoinuka kwenye kiti, maana pale sokoni niliona jambo ambalo si langu kukwambia. Kisha mwimbie ule wimbo wote, yeye mwenyewe, usoni. Mstari utakaokushinda kuuimba mbele yake, huo ufute. Na kama hautabaki hata mmoja, rudi kwangu tutatunga mwingine, nami nitakaa kimya uandike.

Mungu akupe sauti mpaka uzeeni. Akupe watu wa kuwaimbia wakiwa wanakusikia, na mikono yao uijue kidole kwa kidole. Na siku baba yako atakapokwenda kweli, isiwe redio itakayokuambia.