Jani la Mikunjo

Theluji ikianza kuyeyuka, Kikue hakai kitako. Umri wake unakaribia themanini, goti moja bovu, macho anadai ni mazima, lakini alfajiri utamkuta amejifunga kengele ya kufukuzia dubu, kapu mgongoni, anapanda mlima peke yake. Peke yake, kwa sababu mahali zinapoota urui zake, majani ya mwitu ya kuliwa, alionyeshwa na mama mkwe, na mahali pa mboga za mwitu hapatajwi, hata kwa mtoto wa kumzaa. Kijiji kizima kiko hivyo. Uchoyo mtupu, ukiniuliza mimi, lakini ndiyo desturi.

Sadayo, jirani wa ng'ambo ya mfereji, humchokoza kila mwaka. "Nionyeshe basi, shoga! Au unataka uzikwe nazo?"

"Zikichipua kaburini kwangu, njoo uchume," Kikue humjibu, na jioni humpelekea fungu lake. Kumgawia jirani nako ni desturi.

Siku hiyo alikwishampelekea, akarudi kuandaa lake. Maji yalikuwa yanachemka. Alishika jani moja alioshe, vidole vikasita. Urui ina kikonyo kirefu, laini. Jani hili halikuwa na kikonyo, na lilijaa mikunjo kama sketi ya shule. Akalipeleka dirishani. Baikeiso! Likiwa changa hufanana na urui, na sumu yake haiishi hata ulichemshe namna gani.

Kama limeingia kwenye fungu lake, na la Sadayo je? Na Sadayo ni mtu wa kula kabla jua halijazama.

Kikue alizima moto, akachomoka na kandambili za uani. Simu hata hakuikumbuka. Goti lilimuuma, hakulijali. Njiani akilini aliliona jeneza, akawaona wana wa Sadayo wakimwinamia kwa adabu bila kumtazama usoni. "Kizee kipofu mimi," alijisemea, "kizee muuaji!"

Hakubisha hodi. Aliingia sebuleni na kandambili zake miguuni, jambo ambalo hajalifanya tangu azaliwe. Sadayo alikuwa ameketi mezani, bakuli la urui na rojo la miso limebaki nusu, mashavu yamejaa.

"Tema!"

"He! Umeingia na viatu?"

"Tema nakwambia! Nimechanganya baikeiso!"

Sadayo akatafuna taratibu, akameza. "Nimeyaona. Mawili. Yako kwenye ndoo ya taka."

Kikue akaanguka chini puu. "Umeyaona?"

"Mwaka jana lilikuwa moja. Mwaka juzi vilevile. Kila unacholeta nakichambua, shoga, jani kwa jani."

"Na ukaninyamazia!"

"Ningekwambia ungeacha kupanda. Wewe ukikaa ndani utakufa kwa huko kukaa."

Kikue alilia kwa furaha, kisha kwa aibu, kisha akapandwa na hasira kwelikweli. Aliondoka bila kuaga, akaenda kulimwaga fungu lake lote.

Alfajiri kengele ya dubu ililia mlangoni kwa Sadayo.

"Vaa mabuti," Kikue alisema, macho yake kwenye mfereji.

"Twende wapi asubuhi yote hii?"

"Si ulitaka kuonyeshwa? Mimi naijua njia, wewe unayaona majani." Alikwishaanza kutembea. "Na ukimwambia mtu, baikeiso nitakulisha kwa makusudi."