Shati la Kwendea kwa Kinyozi

Kikundi chetu cha uandishi hapa Kimara kilikuwa cha watu wa kawaida: mama lishe, fundi cherehani, walimu wastaafu, na mimi. Tuliambiwa kila mmoja aandike mistari miwili kuhusu mtu wa nyumbani kwake, ibandikwe ndani ya mabasi ya mjini abiria waisome. Niliandika: "Mume wangu hupiga pasi shati la kwendea kwa kinyozi. Ukimcheka, anapiga na suruali."

Alipoisoma alinuna kutwa nzima. Jioni akauliza itabandikwa basi gani.

Karatasi zilibandikwa wiki ileile aliyofariki. Presha, walisema. Nikaingia eda, nguo nyeupe, chumba cha ndani, wageni wanakuja na kuondoka. Sikulia. Watu walinisifu kwa subira nami nikawaacha waseme, maana sikuwa na subira wala chochote. Nilikula nikiwekewa sahani mbele.

Siku moja jirani alirudi kutoka mjini akaniambia abiria waliisoma karatasi yangu wakamcheka mume wangu mpaka machozi, mmoja kasema, "Huyu baba ana mambo!" Moyo ukashtuka kidogo. Kumbe kuna mahali bado yupo, anapiga pasi. Nikataka eda iishe nikapaone. Kingine sikukitaka.

Ilipokwisha, wifi yangu, dada wa marehemu, alinisindikiza. Basi la kwanza halikuwa na karatasi yangu. La pili lilikuwa nayo, juu ya dirisha, lakini imeandikwa upya: "Marehemu mume wangu alikuwa akipiga pasi shati la kwendea kwa kinyozi." Habari ya suruali ilikuwa imeondolewa.

"Nani kawaambia?"

"Mie, wifi. Niliwapigia simu mwenyewe hao wanaobandika. Watu wangesemaje, unamtania maiti? Waungwana wale, wakabadilisha karatasi zote bila maneno."

Hakuwa na kosa. Kwetu mtu akishafariki hatajwi hivihivi. Nilimchukia hata hivyo, mpaka kituo kilichofuata, kisha hata chuki ikaniishia.

Mama mmoja aliyesimama karibu yetu aliisoma. Hakucheka.

"Mungu amrehemu," akasema.

"Amina," wifi akaitikia, akanigusa mkono.

"Amina," nikasema na mimi, na hapakubaki tena mahali popote mjini ambapo mume wangu alikuwa hai.