Kaktisi Yangu Yenye Mvi na Wakwe wa Kahindo

Nitawaelezea, lakini muniapie kwanza kama hamutacheka, juu nimechoka kuchekwa. Hata leo nikifika soko ya Mudzipela, pale nauzisha viatu, kuna mama mumoja wa nyanya ananiuliza kwa sauti ya juu, "Mama Kahindo, koko anaendelea aje?" (koko kwetu ni bibi muzee) na soko yote inaangua kicheko. Ndiyo, nilipata haya, haya kubwa yenye haitoki na sabuni. Lakini makosa yote kunitupia mimi peke yangu? Hapana, hiyo nakatala, na mutanisikiliza mpaka mwisho.

Kitu yenyewe ilikuwa kaktisi. Si ile ya kupanda ku lupango, kuzunguka kiwanja ya nyumba, juu ya kuzuia mbuzi, hapana, hii ilikuwa ya namna yake. Muzungu mumoja wa kazi za misaada alikuwa jirani yetu hapa Saio, mutaa wetu wa Bunia, kontra yake ya kazi ikaisha, akaniachia ile kaktisi pamoja na ndoo na chandarua, vile wanaachaka vitu. Ilikuwa inasimama wima, inafika mu kiuno changu (mimi ni mufupi, lakini hiyo tuache), na mwili yote imefunikwa na nywele nyeupe, ndefu, laini, mvi kabisa. Miiba iko ndani ya ile nywele, hauioni, utaisikia tu. Niliipenda sana! Wengine wanafuga mbwa, mimi nilikuwa nachana kaktisi. Naichana na burosi ya mutoto, naitoa vumbi ya Bunia na maji ya sabuni kidogo, asubui naisogeza ku jua, na mawingu ikikusanyika narudisha chini ya baraza, juu muzungu alinionya kama ikinywa maji mingi inaoza kuanzia chini. Dada yangu Masika alikuwa anasema, "Weye unachana nywele ya muti na ya kwako iko namna hiyo?" Namujibu, ya kwangu hainaga shukrani.

Sasa Kahindo, binti yangu mumoja tu katikati ya vijana, akapata muchumba, Dieumerci, kijana wa adabu, mwalimu. Wazazi wake walishakufa, ni baba yake mukubwa, Papa Anselme, ndiye anaamua kila kitu, na huyo alikuwa amekwisha kukatala binti mwingine kabla ya Kahindo, ati kwao hakukuwa heshima. Basi mutaelewa woga ya binti yangu. Asubui ya siku wageni wangekuja kujionyesha kwetu, alinishika mukono akasema, "Mama, nakuomba, leo kila kitu iende muzuri." Nikamwambia, muachie mama yako.

Muchana mvua ikaanguka, ile ya Bunia yenye haipigi hodi. Nikatupa kisu na pondu, yale majani ya muhogo nilikuwa nakata, nikakimbiza kaktisi ndani. Ilikuwa imepandwa mu bidoni, kopo kubwa ya mafuta yenye kukatwa, ina kutu mbaya, inavujisha udongo, na chini nilikuwa nimetandika tapi, zulia ya kuazima. Niiweke wapi? Nikaiweka juu ya fotei ya pembeni, kile kiti cha wazee chenye mikono. Kisha nikaona ile bidoni ni haya mbele ya wakwe, nikachukua kikwembe changu kipya, kitenge cha kujifunga, nikakizungusha kuanzia chini ya bidoni mpaka karibu na kichwa, nikakaza vizuri. Ni hiyo tu nilifanya! Kikwembe kimoja! Masika akasema, "Toa ile kitu, peleka mu chumba." Nikamujibu mu chumba ndiko Kahindo anavaa (kwetu binti hatokei mpaka aitwe), na tena nyumba ni yangu, na wageni hawajafika.

Na hapa munisaidie, ndugu zangu. Ni nani mu Bunia anafikaka mbele ya saa? Nani? Mutu akikuambia saa kumi, unajua kama saa kumi na moja bado anaoga. Hawa, Papa Anselme, dada yake na mama mwingine wa kwao, walifika mbele ya saa! Mvua inanyesha, umeme umekatika, mu saloni, kile chumba cha wageni, giza, na kaka yangu mwenye alipaswa kuwapokea iko ku moto, ku pikipiki, mahali fulani, ananiambia ku simu "naingia sasa hivi". Nikawapokea na mikono ya pondu, nikawaonyesha pa kukaa, nikakimbia jikoni nyuma kumuita Masika na kutafuta viti. Wakabaki peke yao na kaktisi.

Munajua vile iko kwetu. Hauwezi kukaa, hauwezi kunywa hata maji, kama haujasalimia muzee wa nyumba. Na kusalimia si kupunga mukono. Ni kichwa kwa kichwa, upande huu, upande ule, na huu tena. Papa Anselme ni mutu wa heshima nyingi na macho kidogo (miwani yake ilikuwa mu mufuko, anaona haya kuivaa, na haya yake hiyo hakuna mutu anaisema, wanasema tu ya kwangu). Akaona kule pembeni kichwa cheupe juu ya kikwembe. Mimi jikoni nasikia, "Jambo, koko!" Nikafikiri ni bibi wa jirani amekuja kujificha mvua. "Jambo, koko!" tena, kwa nguvu, vile watu wanasemaka na kiziwi. Kisha sauti ikalainika, ikajaa huruma: "Eeh, usisimame, koko, kaa tu, nitainama mimi."

Akainama.

Mawe, mama wee! Ile kelele ilifika mpaka ku barabara. Nilipoingia, Papa Anselme ameshika kichwa, miiba imemujaa ku paji la uso, nywele nyeupe imenata ku nyusi zake, fotei imepinduka, udongo iko ku tapi ya watu. Dada yake analia, "Nywele ya mutu! Ni nywele ya mutu!" Mama mwingine, juu ya roho yake muzuri, akakimbia kuinua koko mwenye kuanguka, akavuta kikwembe, akakuta bidoni, akapiga yowe: "Yesu wangu, hana miguu!" Wakatoka mbio mu mvua, na majirani wakajaa ku lupango, na kila mutu aliyefika akaambiwa kama mimi nafugaka dawa ya uchawi mu saloni.

Na mimi nilifanya nini? Nilipiga magoti. Lakini si mbele ya Papa Anselme. Nilipiga magoti mbele ya kaktisi, nikaisimamisha, nikapapasa shina kama imevunjika, nikasema, "Pole, mama, pole." Wote walisikia. Nilipogeuka na pense, koleo kidogo, mu mukono ili nimutoe mukwe miiba, alirudi nyuma akasema, "Usiniguse, mama." Akaenda, na miiba ku paji la uso lake vile vile.

Kisha siku kidogo, Dieumerci akaja na macho chini, akasema baba yake mukubwa atarudi, lakini ile kitu ichomwe kwanza. Nilikasirika, ninyi! Nichome? Juu ya muzee mwenye anaficha miwani? Kaktisi ilimufuata kwake? Ilimuita? Nilipiga kelele mu nyumba mpaka sauti ikaniisha. Masika alijibu, kaka yangu (sasa huyo amefika!) alijibu. Kahindo peke yake alikuwa anakwaruza udongo mu tapi na kisu. Mwishoni akaniuliza, polepole, bila hasira, "Mama, ile siku nilikuwa nimesimama ku mulango wa chumba, nimevaa, nalia. Uliniona?"

Sikumuona, ndugu zangu. Nilipita karibu yake kukimbilia bidoni, na sikumuona.

Nikaitoa inje mwenyewe. Nywele iliwaka mara moja, mwili ukakatala moto juu ya maji yake, nikamalizia na panga huku nikitukana kila mutu kwa jina. Na wakwe wakarudi. Safari hii nilikuwa nimeita koko wa kweli, shangazi yangu kutoka Butembo, amekaa ku fotei na kikwembe chake, na Papa Anselme akasimama mbali akasema, "Aseme kwanza." Koko akamukasirikia mpaka jioni. Nikamuomba, "Sema tu, koko, tafazali."

Kahindo aliolewa. Wananiuliza kama nitafuga tena kaktisi, najibu nitafuga vitunguu. Lakini nimejiapia hivi: mutoto wangu akisimama ku mulango, hata nyumba ianguke, hata pondu iungue, nitamuangalia yeye kwanza. Na Papa Anselme, yeye, avae miwani.