Mama mkwe wa Itaka aliyegundua kinachonibana kifua

Wakuu, poleni na majukumu. Humu mama wakwe wanachafuliwa kila siku, sasa leo nipisheni nimsifie wa kwangu. Ninayoandika yamenikuta mwenyewe, sijasimuliwa.

Mimi ni mtu wa Tanga, nauza vitenge hapa Tunduma. Nina pumu tangu utotoni.

Kwangu nimeshaizoea. Foleni ya malori ikisimama huku yananguruma, naziba pua na mtandio narudi ndani ya duka. Mteja akija na pafyumu kali, namhudumia kwa mbali kidogo, hata akiniona nina maringo.

Daktari aliniambia kila mwenye pumu ana vichochezi vyake, hivyo nivichunguze vyangu. Na dawa ya kila siku nisiiache hata nikijisikia mzima.

Tatizo lilikuwa ukweni.

Mume wangu ni Mnyiha wa Itaka, Mbozi. Kila mwaka baada ya mavuno tunaenda kusalimia, na kila mwaka narudi kifua kimebana.

Mwaka juzi ndiyo ilikuwa balaa. Jioni tuliyofika niliingia jikoni na mawifi. Kuni mbichi, moshi mpaka machozi. Nikakohoa, nikatoka nje kupata hewa.

Wifi mkubwa akasema, tena nasikia kabisa, "Huyu wa mjini pumu yake inakuja akiona sufuria."

Jamani, iliniuma! Nikarudi nikakaa kwenye moshi uleule kwa hasira, ili wanione.

Asubuhi nilikuwa siwezi kumaliza sentensi. Kifua kinapiga miluzi, inhaler inanisaidia kidogo tu. Mume akanikimbiza kituo cha afya, nikawekewa ile mashine ya kuvuta dawa mpaka nikapata nafuu.

Tuliporudi nikamwambia, "Baba Faraja, hapa kwenu sirudi tena. Mtakuja kunizika."

Mwenyewe alikuwa ameogopa kweli. Na wote tunajua mwanamke asiyekanyaga ukweni ndoa yake inavyoanza kujadiliwa.

Mama mkwe alikuwa amesikia. Ni mama mpole, haongei sana. Akaja tulipotandika mkeka nje, akakaa karibu yangu.

"Mama Faraja, jana jikoni ulikohoa, lakini mlipomaliza kupika ukatoka, ulitulia. Ukala vizuri. Kubanwa sana kulianza wakati gani?"

"Nilipolala, mama."

"Na mwaka jana?"

"Vilevile. Usiku."

Akatazama dirisha la chumba chetu. "Basi moshi una makosa yake, lakini mkosaji mkubwa yumo humo ndani."

Sasa niwaeleze kidogo. Katika familia yao, mkwe akija wakati wa mavuno analazwa chumba cha mahindi. Ni heshima kubwa, maana wamekukabidhi chakula cha nyumba nzima. Magunia yamepangwa mpaka karibu na dari, mahindi yamechanganywa na dawa ya unga ya kuzuia wadudu. Ukiyagusa tu, vumbi linaruka.

Kwa hiyo mimi, kwa kuheshimiwa kwangu, kila mwaka nilikuwa nalala pua imeelekea kwenye gunia! Na sikuwahi kuwaza hilo, kwa sababu akili yangu yote ilikuwa kwenye moshi.

Mama akawaita wanawe watoe magunia. Baba mkwe akapinga. Alisema yakikaa sebuleni, kila mgeni atahesabu mavuno yao, na kumtenga mkwe na mahindi ni kama kumwambia si wa hapa.

Mama akamjibu taratibu, "Heshima gani hiyo inamnyima mtoto pumzi? Yatoke. Pa kuyaweka napajua mimi."

Yakatoka. Mimi nikaambiwa nikae mbali. Yeye mwenyewe akafuta chumba kwa tambara bichi, ufagio akaukataza usitimue vumbi. Blanketi la manyoya likaondolewa, zikaja shuka zilizofuliwa na kukaushwa juani.

Usiku ule nililala, wakuu. Nililala mpaka jua likanikuta.

Jikoni nako akatoa tamko: "Mama Faraja atachambua mboga nje. Mwenye neno aje kwangu." Hakuna aliyekwenda. Baada ya muda wifi mkubwa akaniletea chai, akakaa tukachambua wote. Hakuomba msamaha, ila maharage yangu mengi aliyachambua yeye.

Tangu hapo, tukikaribia kwenda ananipigia simu: "Dawa umebeba?" Tukifika, shemeji anayevuta sigara anaelekezwa njia ya shambani kabla sijashuka kwenye gari. Mpaka wa Tunduma una afadhali, ukaguzi wa huyu mama ni mkali!

Safari ya mwaka huu akanituma chumbani kwake nimchukulie khanga. Sikuwahi kuingia mle.

Nikafungua mlango, nikasimama palepale.

Magunia yote yalikuwa humo. Kitanda chake kimesukumwa mpaka ukutani, pa kupita ni ubavu ubavu tu. Kumbe pa kuyaweka alipopajua ni humu, tangu mwaka ule.

Alipoona nimekawia akanifuata. "Mama, kumbe unalala na haya?"

Akanivuta mkono kunirudisha nyuma. "Mimi kifua changu kizima. Toka hapo mlangoni, hapakufai."

Nililia, sitaficha. Na mume wangu naye alilia, ingawa atakana akisoma hapa. Sasa hivi tunajenga stoo nje ya nyumba, maana na yeye vumbi lile halimfai.

Nilichojifunza ni kwamba usikomae na kichochezi kimoja unachokijua. Angalia ulikuwa wapi na ulilalia nini kabla hujabanwa. Dawa tumia, inhaler tembea nayo, ukizidiwa wahi hospitali. Na ukipata mtu wa kuhesabu pumzi zako kama zake, mshike.

Haya, wenye pumu wenzangu, nyie kinachowabana ni nini? Na wenye mama wakwe wakorofi, leo ukumbi ni wa mama yangu, semeni kwa sauti ya chini.