Karafuu Kabla ya Komunyo

Ipo siku moja naikumbuka hata nisipotaka, mwanangu: asubuhi ya komunyo yangu ya kwanza, ndani ya gari la Konde kwenda Wete, nimevaa gauni jeupe na karafuu imo mdomoni.

Nakuandikia kwa sababu mama yako ameniambia umekaribia kupokea komunyo na kwamba unashtuka usingizini. Mimi bibi yako sikucheki.

Sisi Wakatoliki wa Konde tulikuwa nyumba chache, watu waliofuata kazi kutoka bara. Watoto tuliozaliwa hapa tulikuwa Wapemba kwa kila kitu, ila Jumapili tu tulielekea kanisani kwetu. Tulicheza na watoto wa majirani, tukala kwao, na Ramadhani ilipofika tuliwaona wakifunga. Tulijua kwamba mtu akimeza chochote kwa kusudi mchana, funga yake imekwenda, na atailipa siku nyingine.

Katekista wetu, Mwalimu Simoni, hakuwa mkali. Lakini siku ya mwisho ya mafundisho alitusomea onyo la Mtume Paulo juu ya mtu anayeupokea mwili wa Bwana isivyostahili. Akatuambia tufunge kabla ya komunyo, kisha akafunga kitabu, maana mvua ilikuwa inakuja na wengine walikuwa na safari ndefu. Hakusema tufunge vipi, wala hatukumuuliza. Tulidhani tunajua. Tuliichukua funga ya majirani tukaifanya yetu, nzima nzima, ila hatukujua ya kwetu ikivunjika inalipwaje.

Nilikuwa na dada yangu Yusta, binti wa baba mkubwa. Tulikuwa tumeungama Jumamosi, na usiku ule tulilala hatusemezani, tukiogopa neno baya lisije likatuponyoka. Alfajiri hatukunywa hata maji.

Garini kulikuwa na harufu ya petroli na dagaa. Bi Mize, jirani yetu, alikuwa amekaa mbele yetu akipeleka mikeka sokoni. Akatutazama kuanzia juu mpaka viatuni.

"Leo mnaolewa, nyie? Na bwana harusi ni mmoja kwa nyote wawili?"

Abiria wakacheka. Sisi hatukuweza. Njia ilikuwa na kona nyingi, tumbo lilikuwa tupu, na Yusta alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Bi Mize alipomwona, akafungua pindo la kanga yake, akatoa karafuu kavu, akatutia vinywani kama anavyowalisha wajukuu zake.

"Tafuneni taratibu. Moyo utatulia."

Nilikuwa nimekwisha kutafuna kabla akili haijafika. Ule ukali ukashuka kooni. Nikamgeukia Yusta, macho yake yalikuwa yamesimama, naye alikuwa amemeza. Bi Mize hakujua lolote, maana hatukumwambia kwamba tumefunga. Angalijua, asingalitupa karafuu.

Tulipofika kanisani padri alikuwa tayari amevaa, nyimbo zimeanza, na nafasi ya kuungama haipo tena. Wazazi walikuwa wameshona nguo, jamaa wamekuja kutoka Mkoani. Kujitoa ni aibu mbele ya watu wote, na kupokea ni kula hukumu yetu wenyewe. Yusta akaninong'oneza, "Tukipokea tutakufa?"

Nikamwambia sijui. Ulimi ulikuwa bado unawaka.

Tukaingia kwenye mstari, mimi mbele, yeye nyuma yangu. Kila aliyesema "Amina" alinisogeza karibu. Padri alipofika kwangu, kinywa kilikataa kufunguka. Akasema tena, "Mwili wa Kristo," akangoja. Nilisikia watu nyuma wakijikohoza.

"Padri, nimetafuna karafuu," nikasema. "Garini. Moyo ulikuwa unachafuka."

Akainama. Nilijua ananirudisha kwenye benchi.

"Hiyo ilikuwa dawa, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Dawa haivunji funga. Fungua kinywa."

Nikapokea. Nilipogeuka, nyuma yangu alisimama mtoto mwingine. Yusta aliniona nikizungumza na padri, akadhani nimekataliwa, akatoka mstarini. Tulimkuta nje, ukutani, anatapika. Wakubwa wakasema ni tumbo.

Jioni nilimweleza neno kwa neno. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Alikwambia wewe," akasema. "Mimi hakuniambia."

Nilimsihi aende kwa padri akaulize mwenyewe. Akasema Jumapili ijayo. Jumapili ikafika, na sasa aliogopa pia kuulizwa kwa nini alitoroka. Kila alipokawia, hofu ilipata sababu mpya. Akakua, akaolewa, akawapeleka wanawe komunyo mmoja baada ya mwingine, yeye akikaa benchi la mwisho. Watu walizoea wakaacha kumuuliza.

Alipougua ugonjwa wake wa mwisho, padri kijana aliletwa nyumbani. Yusta akanishika mkono, akataka nimuulizie habari ya ile karafuu. Nikakataa, mwanangu, maana jibu lililopitia kwangu hakuliamini tangu siku ile, na kukataa kule kuliniuma. Basi akauliza mwenyewe, sauti ikitetemeka kama ya mtoto. Padri akamjibu yale yale niliyojibiwa mimi. Akaungama, akapokea, kisha akalia kilio ambacho sijakisahau.

"Jibu lenyewe lilikuwa fupi hivi?"

Sasa sikiliza. Funga ya majirani ni yao, iheshimu. Usile mbele yao. Funga yako ni saa moja kabla ya kupokea, na maji na dawa haviivunji. Lakini hilo si kubwa ninalokuambia. Kubwa ni hili: unaloliogopa, liulize kwa kinywa chako, mapema, hata kama katekista ameshafunga kitabu, hata kama wenzako watacheka. Usimtume mtu akuulizie. Kuogopa si dhambi. Ila hofu uliyoificha itakuamulia mambo, na hutajua ni lini ilianza kukuamulia.

Mungu akufungue kinywa siku hiyo. Akujalie padri mwenye subira na jirani mwenye huruma kama Bi Mize. Na utakapogeuka kutoka altareni, akujalie umkute mwenzako yupo nyuma yako. Amina.